Bila Kusema Matokeo

Kila asubuhi, kabla shangazi hajavuta mlango wa chuma wa duka, Nukta alikuwa na dakika zake ishirini. Alifuta vumbi kwenye mashine ya kusaga lenzi, akapanga bisibisi zake, ndogo kulia, ndogo zaidi kushoto, akamimina chai katika kikombe kilichokatika mkono, kisha akafungua kompyuta yake kuukuu na daftari lenye jalada la kijani. Ndani ya kompyuta kulikuwa na michezo ya karata aliyoicheza mtandaoni jana yake, yote imerekodiwa. Ndani ya daftari aliandika alipokosea. Mchezo mmoja, funda moja la chai. Mchezo wa pili, funda la pili. Hakuna aliyemsemesha, naye hakumsemesha mtu. Kwa msichana mwenye haya kama yeye, aliyeweza kukaa kutwa akinong'onezana na skrubu, dakika hizo ndizo zilizokuwa siku yenyewe. Saa nyingine zote zilikuwa kazi.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye mchezo wa tatu. Alikuwa amekwisha andika "bahati mbaya", kalamu bado iko hewani, ndipo miwani ilipoangukia daftari. Haikuwekwa, ilitupwa. Ilidunda, ikageuka, ikabaki imelala chali na mikono yake juu kama mende.

"Vaa," kaka yake alisema.

"Nini tena?"

"Vaa, bibie. Uione dunia unayowauzia watu."

Akavaa. Mlango ukapinda. Meza ikamkimbilia. Uso wa kaka yake ukawa na jicho moja kubwa kama sahani na jingine dogo kama kifungo cha shati.

"Lenzi ya kulia umeiweka kushoto," kaka mtu alisema, "na ya kushoto umeiweka kulia. Mzee wa watu ameendesha lori miaka thelathini, hajagonga hata kuku. Tangu jana jioni amegonga mlango wake mara mbili."

"Mara tatu!" sauti ya mzee dereva ikadakia kutoka barazani, nje ya mlango wa chuma ulioinuliwa nusu. "Wa tatu ulikuwa wa jirani, na jirani alikuwa nyuma yake!"

Nukta alivua miwani. Masikio yalimwaka moto. Alitaka kusema samahani, lakini samahani ile ilikuwa ya mzee, na kati yake na mzee alisimama kaka yake, mikono kiunoni, kama mtu aliyeokota hoja aliyokuwa akiitafuta siku nyingi.

"Ni hii," alisema, akiigonga kompyuta kwa kucha. "Macho yako huku, mikono yako kule. Ungekuwa fundi wa kukata nywele ungekwisha toa watu masikio."

"Mwambie Fundi asiguse kompyuta yangu," Nukta alisema. Hakumwambia yeye. Alimwambia shangazi yao, aliyekuwa ameinama kuingia ndani, mkoba kwapani.

"Mwambie mpwa wako," kaka mtu akajibu, naye akimtazama shangazi, "kwamba hii ni miwani ya tatu mwezi huu."

Shangazi aliweka mkoba juu ya kaunta polepole. Alikuwa dada wa marehemu baba yao, mwanamke mnene wa maneno na mwembamba wa mwili. Ndiye aliyepokea wateja, akaandika majina, akawatuliza wenye haraka.

"Mmenigeuza posta," alisema. "Mwambie, mwambie. Miezi miwili nabeba barua za watu wasiotaka hata kununua stempu. Leo posta imefungwa. Semezaneni wenyewe, midomo mnayo."

Lakini hawakusemezana, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Miezi miwili nyuma ilikuja barua. Karakana kubwa ya lenzi, katika mji wa mbali, ilimtaka Nukta. Walikuwa wameona kazi yake, wakapenda jinsi alivyosaga lenzi nene zikawa nyembamba pembeni bila kupoteza nguvu. Walimpa muda wa kufikiri, na muda huo ulikuwa unaisha Ijumaa. Siku barua ilipofika, Nukta alikwenda nayo moja kwa moja kwa kaka yake. Duka lilikuwa la baba yao. Baba alipokufa, wao wawili walibaki humo kama macho mawili katika fremu moja. Akamuuliza, kwa sauti ndogo aliyokuwa nayo: "Nibaki au niende?"

Kaka yake alikuwa kwenye mashine. Hakugeuka. Aliisaga lenzi ile mpaka mwisho. Akaizima mashine. Akafuta mikono, kidole baada ya kidole. Kisha akasema, "Baki."

Basi. Neno moja. Lakini lilikuja limechelewa, kama mgeni aliyebadili nguo njiani, na Nukta hakuliamini. Tangu siku hiyo aliacha kumwita "kaka", akamwita "Fundi" kama wateja. Yeye naye akaacha kumwita "Nukta", jina alilopewa na baba siku alipozaliwa mdogo kama alama ya kalamu, akamwita "bibie". Barua ilikaa katikati ya daftari la kijani, haijajibiwa. Alichotaka Nukta kujua kabla ya Ijumaa kilikuwa kimoja tu: neno lile lilikuwa na maana gani? Na hicho ndicho asichokuwa na ujasiri wa kukiuliza mara ya pili.

Shangazi alivuta kiti, akaketi, akawatazama mmoja mmoja.

"Baba yenu alisaga lenzi miaka ishirini na sita," alisema. "Hajamrudishia mtu jicho la mwenzake hata siku moja. Huyu mtoto alikuwa hakosei. Sasa anakosea dukani, na huko kwenye karata zake anapigwa kila siku, namsikia akiguna. Wewe, Fundi mkubwa, nani aliyemfundisha hizo karata?"

Kaka mtu akatazama dari.

"Nakuuliza. Dari haikumfundisha."

"Mimi."

"Basi aliyeufunga mzigo ndiye anayejua fundo liko wapi. Ingieni chumba cha nyuma. Mtazame huko anakopigwa, mjue ana nini. Duka halifunguliwi mpaka mmetoka."

"Shangazi, kuna kazi!"

"Kazi gani? Ya kuwauzia watu vizunguzungu?"

Mzee dereva alikohoa kutoka barazani. "Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," alisema. "Mimi sina jembe, mama. Na hata ningekuwa nalo, kwa macho haya ningejilima mguu. Nitakaa hapa hapa."

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza moja, viti viwili, na kabati la lenzi zilizopangwa katika bahasha kwa nguvu zake. Walikaa bega kwa bega kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kukaa. Kaka mtu alisogeza kiti chake inchi moja. Nukta akasogeza chake mbili.

"Onyesha," kaka mtu alisema. "Na kwa sheria ile ile."

Sheria ile ile. Kaka mtu aliitunga mwenyewe walipokuwa wote wanafunzi wa chuo, wakicheza kwa karata za kweli juu ya meza hii hii. Unayetaka kupitia mchezo wako eleza ulichokijua wakati ule, ukifika mahali pa kuamua simama, usiseme matokeo. Mtu akishajua nani alishinda, kichwa chake hakifikirii tena, kinashangilia au kinalaumu. "Matokeo ni mlevi," alizoea kusema. "Husema kweli na uongo kwa sauti moja." Siku hizo alisema akicheka. Yeye alikwisha acha kucheza. Nukta akaendelea, akawa mzuri, akawa mzuri sana, mpaka hiyo miezi miwili ilipomkuta.

Kwa asiyeujua mchezo huo wa poka, habari yake si ndefu. Kila mchezaji hupewa karata mbili asizomwonyesha mtu. Karata tano hufunguliwa katikati ya meza, za wote. Kila hatua mtu huweka viduara vyake vya kuchezea, au hutupa karata zake akajitoa. Mwenye karata nzuri huweka vingi. Lakini hata mwenye karata mbovu anaweza kuweka vingi, ili akutishe ujitoe. Kazi yote iko hapo: huyu aliye mbele yangu ana kitu, au ananidanganya? Ukitaka kujua, lazima ulipe, yaani uweke viduara sawa na vyake.

Nukta alikuwa amechagua michezo kumi na mitatu, ile iliyomsumbua kichwa zaidi. Kaka mtu alichukua daftari, akafunua kurasa.

"Huyu Bahati Mbaya ni nani?" aliuliza. "Naona yuko kila ukurasa. Ni mchumba?"

"Tazama mchezo, Fundi."

"Natazama. Nataka tu kujua lini anakuja kujitambulisha nyumbani."

Mchezo wa kwanza ukaanza. Nukta alikuwa na malkia wawili. Mezani kulikuwa na ree, karata kubwa kuliko zote, kisha tisa, nne, saba na mbili. Mpinzani alijiita Ndizi Mbivu. Nukta alibonyeza kitufe cha kuruka mbele, akasimamisha pale pa kuamua.

"Huyu Ndizi alikuwa anafanya nini kabla ya hapa?"

"Alilipa tu. Mara mbili, kimya kimya."

"Na sasa?"

"Ameweka vyote."

"Ree iko mezani tangu mwanzo, mtu amelipa kimya mara mbili, mwisho anaweka vyote. Ana ree, au ana zaidi ya ree. Natupa. Natupa, nakwenda kunywa maji, silali nikimfikiria."

"Mimi nililipa."

"Najua ulilipa, bibie. Ndiyo maana tuko hapa na mlango umefungwa. Kwa nini?"

"Niliona anadanganya."

"Uliona wapi?"

Nukta akazitazama tena karata za mezani. Kweli, aliona wapi? Aliona tu. Ilikuwa kama harufu.

Mchezo wa pili alilipa. Wa tatu alilipa. Wa nne alikuwa na mfalme na kumi. Mezani kulikuwa na mfalme, nane, saba, sita na mbili.

"Mtu mwenye tisa na tano hapa ana karata tano zinazofuatana, amekwisha kukushona mdomo," kaka mtu alisema. "Mwenye tisa na kumi naye vile vile. Huyu anaweka vyote, nawe una jozi moja ya wafalme. Usiniambie ulilipa."

Nukta akaanza kukuna sikio.

"Ulilipa! Hii si poka, hii ni sadaka. Wanakupangia foleni huko. 'Jamani, yule wa miwani ameingia, leteni makapu.'"

"Umemaliza?"

"Bado tisa."

"Ulikuwa hivi hivi hata ukinifundisha," Nukta alisema. "Mtu akikosea unamkalia kichwani. Ndiyo maana hakuna anayekuletea kitu kibovu ukitengeneze. Wanakuogopa."

"Heri kuogopwa kuliko kuchekwa."

"Unachekwa pia. Ila wanasubiri utoke."

Shavu la kaka mtu lilicheza kidogo. Nukta alishtuka kwa maneno yake mwenyewe. Hakujua kwamba alikuwa nayo, tena yamenolewa. Moyo wake mwepesi ulitaka kuyarudisha papo hapo, lakini maneno si skrubu. Hayana uzi wa kurudia.

Wakaendelea, sasa bila utani. Wa tano. Wa sita. Kwenye wa saba, Nukta aliponyosha kidole aruke mbele, kaka yake alimshika mkono.

"Rudisha."

"Wapi?"

"Hapo unaporuka. Unaruka kila mchezo, mahali pale pale."

"Hapana kitu hapo. Mtu anafikiri tu."

"Rudisha nione anavyofikiri."

Akarudisha. Chini ya jina la kila mchezaji kulikuwa na mstari mdogo wa kijani. Zamu ikimfikia mtu, mstari huanza kufupika. Ukiisha kabla hajaamua, mchezo humtupia karata zake. Mpinzani wa mchezo wa saba alikuwa akifikiri. Mstari ulifupika, ukafika nusu, ukafika robo, ukawa mwekundu. Nukta aligeuza uso, akaanza kuzitazama bahasha za lenzi kabatini kana kwamba leo ndiyo ameziona. Kaka yake alimtazama yeye, akautazama mstari, akamtazama yeye tena.

"Huwezi hata kuangalia," alisema taratibu.

"Inachosha tu."

Kaka mtu hakubishana. Alivuta daftari, akachora mstari ukurasa mzima, akaandika namba moja mpaka kumi na tatu. Kisha akaanza upya, mchezo wa kwanza, mara hii bila kuruka. Alihesabu sekunde kwa kugonga meza na kidole, kama baba yao alivyohesabu wakati wa kupoza lenzi. Ishirini na mbili. Ishirini na tano. Ishirini na nne. Ishirini na nane. Hakuna aliyekawia chini ya sekunde ishirini. Halafu akamwambia afungue michezo mingine, yoyote, ambayo wapinzani waliweka vyote papo kwa papo. Akafungua mitano. Yote mitano Nukta alikuwa ametupa karata zake, hata mmoja ambao alikuwa na wafalme watatu.

"Wa haraka unawaamini kama mama mzazi," kaka mtu alisema. "Anayekawia unamlipa. Kila mara. Haidhuru una nini, haidhuru mezani kuna nini. Akishafikiri, kwako ni mwongo. Sasa niambie matokeo. Katika hawa kumi na watatu, wangapi walikuwa wanadanganya kweli?"

Nukta hakuhitaji kutazama. "Wawili."

"Wawili. Kumi na mmoja walikuwa wa kweli. Mtu anakawia kwa sababu anahesabu. Anakawia mtandao umekwama. Anakawia ana mtoto mgongoni, ana chungu jikoni. Wewe umewahukumu wote kwa kosa la wawili." Alisema kwa ukali, lakini kulikuwa na kitu kingine ndani ya ukali ule, furaha ya fundi aliyeuona ufa. "Hukuwa hivi. Nakujua unavyocheza, nilikufundisha. Ugonjwa huu umekupata lini?"

Akafunua nyuma kutafuta ukurasa wa kwanza wenye "bahati mbaya". Nukta aliandika tarehe juu ya kila ukurasa, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Kaka mtu akasoma: tarehe kumi na tisa.

Na katikati ya ukurasa ule na uliotangulia, wa tarehe kumi na nane, ilikuwa imekaa barua ya karakana, mahali pale pale alipoiweka siku ilipofika.

Mkono wa kaka mtu ulibaki juu ya karatasi. Barazani walimsikia mzee dereva akimsimulia shangazi kuhusu daraja fulani lisilo na kingo, na shangazi akisema, "Eti!" Kaka mtu alifunga daftari.

"Basi," alisema, akasimama. "Tatizo limejulikana. Andika hapo: anayekawia asilipwe bila sababu. Ukifuata hilo mwezi mmoja utarudi ulipokuwa. Twende tukafungue, mzee ataota mizizi."

"Kuna mmoja bado."

"Umesema kumi na mitatu."

"Huu haumo kwenye kompyuta. Kaa, kaka."

Neno lile lilimfikia kabla ya yale mengine. Miezi miwili hakuwa amelisikia. Akakaa.

Nukta aliweka viganja vyake mapajani. Alisema akiitazama meza, kwa sababu kama angemtazama yeye asingeweza.

"Kwa sheria ile ile. Bila matokeo. Mchezaji mmoja amepata barua. Anamwendea mwenzake, anamuuliza, nibaki au niende? Mwenzake ana lenzi mkononi. Haiachi. Anaisaga mpaka mwisho. Anazima mashine. Anachukua kitambaa, anafuta mikono, vidole vyote kumi. Ndipo anasema, 'Baki.'" Bado aliitazama meza. "Mchezaji wa kwanza afanye nini? Aamini au asiamini?"

Kaka mtu alicheka kwa pua, kicheko kisicho na mtu ndani.

"Umekwisha pewa hesabu. Kumi na mmoja kati ya kumi na watatu ni wa kweli."

"Sikukuuliza hesabu."

"Basi unauliza nini?"

"Unajua."

"Wewe ni mtu wa ajabu, bibie. Miezi miwili unanisusia, unaniita Fundi kama mtu wa kupita, watu wanagonga milango mjini kwa ajili yako, kumbe unahesabu nilifuta vidole vingapi? Ungeuliza siku ile ile!"

"Niliuliza siku ile ile."

Hapo alinyamaza. Nukta alijua kimya kile. Ndicho kimya cha siku ile, kimefika tena, na mwili wake wote ulitaka kunyosha kidole uruke mbele. Useme, "Basi, yaishe." Utoke. Utabasamu kwa mzee. Uandike "bahati mbaya". Alikuwa amekwisha inuka nusu kitini.

Kisha akakumbuka wale kumi na mmoja. Akakaa. Akavuta miwani ya mzee dereva, aliyokuja nayo pamoja na kompyuta, akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akaanza kulegeza skrubu ya upande wa kulia.

Aliitoa lenzi ya kulia, akaiweka juu ya kitambaa. Akaitoa ya kushoto. Akachukua karatasi ya vipimo, akasoma namba, akasoma tena. Kaka yake alikuwa bado hajasema. Nukta hakumtazama, lakini alimwona pembeni ya jicho, kidevu kimeinama, na ni kama mstari wa kijani ulikuwa chini yake, ukifupika. Acha ufupike, alijiambia. Usiruke. Mtu anaweza kukawia kwa mambo mengi. Alipima lenzi ya kwanza, akaiwekea alama ya kalamu, akaiingiza mahali pake. Iliingia kwa mlio mdogo wa kukubali. Akakaza skrubu. Akapima ya pili. Barazani shangazi aliita, "Mko hai humo?" na hakuna aliyejibu. Nukta aliingiza lenzi ya pili, akakaza skrubu ya mwisho, akaifuta miwani pande zote mbili, akaikunja, akaiweka katikati ya meza. Mstari sasa ulikuwa mwekundu, na alikuwa tayari kulipa, vyovyote iwavyo.

"Mimi ni mmoja wa wale wawili," kaka yake alisema.

Hakusogea.

"Nilidanganya. Nilisema baki kwa sababu kaka hamwambii mdogo wake ondoka, tena katika duka la baba yake. Nilitafuta njia nyingine ya kusema, sikuipata, lenzi ikaisha." Sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa makavu, makali, yamechoka. "Si kila mara unakosea, Nukta. Pale hukukosea. Unajua mteja akiingia hapa anatazama wapi? Hanitazami mimi. Ananyosha shingo, anatazama juu ya bega langu, anauliza, 'Yupo?' Yupo! Miaka minne natazamwa bega. Nimesaga lenzi tangu sijaota ndevu, na katika duka la baba yangu mimi ni mlango wa kupitia kuja kwako. Umesema wanasubiri nitoke. Najua. Kila nikikuona umeinama hapo nafurahi kwamba una mikono kama ya baba, na nakuchukia kwa mikono hiyo hiyo, vyote kwa pamoja, tangu asubuhi mpaka jioni, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu mtu ninayemwambia mambo ni wewe."

Aliichukua barua kutoka katikati ya daftari, akainyoosha kwa kiganja, akaisukuma mbele ya Nukta.

"Nilitaka uende," alisema. "Na leo nataka uende. Andika kabla ya Ijumaa."